Kumi Hadi Moja: Mtu wa Malava Anaporudi kwa Mwalimu wa Skii

Malava iko karibu nusu digrii kaskazini mwa ikweta, kwenye barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye. Tuna miwa, tuna mahindi, tuna msitu wenye mbega, tuna mvua isiyojua kupiga hodi. Theluji hatuna. Tulicho nacho ni watoto wetu walioko Dubai: walinzi, wahudumu wa hoteli, madereva, wauzaji wa dukani. Siku ya mapumziko wengi wao hufika Mall of the Emirates, husimama mbele ya kioo kikubwa cha Ski Dubai, kisha anayebahatika na senti za ziada huingia ndani. Picha hutua Malava kabla hajavua glavu.

Hapo steji ya bodaboda hugeuka mahakama. Hakimu ni mjomba wangu, mtu mwenye pikipiki moja na maoni mengi. "Huyu si kijana wetu? Mbona amevaa godoro?" Wenzake hucheka hadi abiria anaghairi safari.

Orodha hii si ya anayeingia mara ya kwanza kupiga picha. Huyo hahitaji ushauri, anahitaji simu yenye chaji. Ni ya yule ambaye ameshashuka mteremko wa watoto, akabaki mzima, na sasa anataka kumlipa mwalimu tena ili aongeze ujuzi. Tunahesabu kutoka juu kwenda chini, maana hata mchezo wenyewe ni wa kushuka.

10. Mabuti yatakubana, na ndivyo yanavyotakiwa

Anayerudi darasani huanza kwa kuomba mabuti makubwa zaidi, kwa sababu mara ya kwanza vidole vilimuuma. Mwalimu hukataa. Buti la skii limefanywa gumu kwa makusudi: mguu ukiinama, buti liiname nao, na ubao ulio chini yake utii. Mguu ukicheza ndani, amri inafika kwenye ubao ikiwa imechelewa, na wewe umeshafika kwenye wavu.

Soksi ni jozi moja, ndefu na nyembamba. Anayevaa jozi tatu kwa kuogopa baridi anaubana mguu hadi damu inapita kwa taabu, na vidole vyake ndivyo vya kwanza kuganda. Suruali ya jinzi haiingii ndani ya buti, hata kama ndiyo ile ya Krismasi.

"Kiatu kinachouma, na unakilipia?" mjomba anauliza.

Hata vya harusi yako viliuma, mjomba, na ulivilipia.

9. Baridi haina shida, shida ni jasho

Watu wanadhani ndani ya ukumbi ule mtu anaganda akiwa wima. Mchana hewa huwa chini kidogo tu ya sifuri, nyuzi moja au mbili hivi. Aliyewahi kukamua ng'ombe alfajiri ya Julai kule Kabras, nyasi zikiwa zimelowa hadi magotini, atavumilia. Nje ndiko kuna vita: mwezi huohuo wa Julai joto la Dubai hupita nyuzi 40. Kwa hiyo unatoka kwenye tanuri, unavaa suti nene, unafunga mabuti kwa kutweta, na kabla hujagusa theluji fulana yako imeshalowa. Ukisimama kwenye foleni ya lifti, lile jasho ndilo linalokupa baridi. Vaa nguo nyepesi ndani, na usifunge zipu mapema kwa ajili ya picha.

Theluji yenyewe ni ya kweli, si povu wala plastiki. Usiku, wageni wakishaondoka, hewa ya ukumbi hushushwa zaidi, kisha maji hupulizwa kwa matone madogo mno ambayo huganda yakiwa bado hewani. Mashine ya kusawazisha hupita juu yake, ikaacha mistari iliyonyooka vizuri. Ndiyo maana anayekwenda kujifunza huenda asubuhi. Ikifika jioni, mamia ya watu wameshaikwangua, mahali pengine pamebaki pagumu na penye kung'aa, na skii inaanza kupiga kelele za kukataa.

8. Mvua ya mawe haihesabiki kuwa uzoefu

Kuna wanaodai kwamba mtu wa Kakamega anaijua barafu kwa sababu mvua ya mawe hutupiga na kuchanachana majani ya mahindi. Hiyo ni kesi ya polisi, si mchezo.

Theluji ya Kenya iko Mlima Kenya, kwenye vilele kama Batian chenye mita 5,199, na ukiifikia utakuwa umechoka kiasi cha kutaka chai, si skii. Historia yake ina mzaha wake pia. Mmishonari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, mwenzake Ludwig Krapf akaiona ya Mlima Kenya mwaka 1849 akiwa Ukambani, na wasomi wa London ambao hawakuwahi kukanyaga huku wakawaambia kwamba wameota. Theluji kwenye ikweta? Haiwezekani! Walioishi chini ya milima hiyo hawakuulizwa. Halafu mwaka 1912 Mjerumani Walter Furtwängler alipanda Kilimanjaro pamoja na mwenzake Siegfried König wakiwa na skii, na leo kuna bonge la barafu kileleni linaloitwa kwa jina lake.

Bonge hilo nalo linaaga. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2022 ilionya kwamba barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya huenda zikawa zimetoweka ifikapo 2050. Hivyo mtoto wa Malava anayetaka kuteleza kwenye theluji anaelekezwa jangwani. Mjomba alipoelezwa hayo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama jangwa hilo limeshawahi kuombewa.

7. Matope ya Malava yamekufunza nusu, na nusu hiyo nyingine itakuangusha

Hapa ndipo steji ina haki ya kujivuna. Mvua ikinyesha kwenye udongo mwekundu, trekta za miwa zikiwa zimeshapita na kuutifua, mwenye bodaboda hupita mahali ambapo hata mbuzi anafikiria mara mbili. Anafanya nini? Hagusi breki ya mbele. Hashtuki. Haangalii shimo, anaangalia pale anapotaka kwenda. Mikono yake ni mepesi. Haya yote mwalimu wa skii atayarudia kwako kwa lugha yake, na utamwona anashangaa jinsi unavyoelewa haraka. Macho yakitazama ncha za skii, mwili unajikunja na unakwenda kule ulikotazama, yaani chini ya pua yako. Yakitazama mbele, miguu inapata nafasi ya kufanya kazi.

Lakini kuna tabia mbili za matopeni ambazo lazima uzikane langoni.

Ya kwanza ni kutoa mguu nje. Kwenye pikipiki mguu huo ni bima. Kwenye skii, mguu ukinyanyuka na kwenda pembeni, ubao wa mita moja na nusu unakwenda nao, na sasa una miguu miwili yenye safari tofauti.

Ya pili ndiyo mbaya zaidi: kujivuta nyuma. Mwili wa binadamu ukiona mteremko hutaka kuukimbia. Matako yanarudi nyuma, mikono inapanda juu, magoti yananyooka, na mtu anaamini kwamba amepunguza hatari. Kumbe amekabidhi usukani. Uzito ukikaa kwenye visigino, ncha za mbele za skii zinakuwa nyepesi, hazishiki theluji tena, hazigeuki, na kasi inaongezeka kwa furaha yake yenyewe. Mapaja yanaanza kuwaka moto baada ya nusu mteremko. Dawa ni kinyume cha hofu: kunja vifundo vya miguu, mifupa ya mbele ya mguu iegemee ulimi wa buti, mikono iwe mbele mahali unapoweza kuiona. Unautegemea mteremko badala ya kuukimbia. Mwalimu yeyote mzuri wa somo la pili atatumia robo nzima ya muda wako kwenye jambo hili moja, na usilalamike kwamba amekula pesa.

"Mimi siegemei mbele matopeni," mjomba anasema. "Nitaangukia uso."

Ndiyo sababu tunasema ni nusu, mjomba.

6. Kuanguka ni sehemu ya ada

Anguka kando, upande wa mlimani, bila kukaa nyuma. Usijaribu kujizuia kwa mikono iliyonyooka. Kinachoshikilia buti kwenye ubao ni kifungo chenye chemchemi, na fundi hukipima kwa uzito wako, urefu wako, urefu wa soli ya buti, umri na kiwango chako, ili kifunguke kabla mfupa haujasalimu amri. Kwa hiyo akikuuliza uzito, sema kweli. Pale kaunta si mahali pa kupunguza kilo nane kwa aibu. Vilevile usijisifu kuwa mtaalamu kwa kuwa nyuma yako kuna msichana mrembo kwenye foleni. Mtaalamu hufungiwa kwa nguvu zaidi, na kifungo hakijui kwamba ulikuwa unatania.

Ukitaka kuinuka, laza skii zikatize mteremko kwanza. Zikielekea chini zitaondoka nawe ukiwa bado umepiga magoti, na hapo utapata picha ambayo steji itaitumia hadi uzeeni.

5. Piza kwanza, chipsi baadaye

Walimu wa skii duniani kote wamekubaliana kufundisha kwa njaa. Ukikutanisha ncha za mbele na kutanua visigino, umefanya piza, na piza hupunguza mwendo. Ukiziweka skii sambamba, hizo ni chipsi, na chipsi hukimbia. Somo la kwanza lote ni piza. Somo la kuongeza ujuzi ni safari ya kutoka kwenye piza kwenda kwenye chipsi bila kufa katikati.

Siri iko kwenye mguu wa nje. Unataka kwenda kushoto? Kanyaga mguu wa kulia. Unataka kulia? Kanyaga wa kushoto. Kila mtu anaelewa akiwa amesimama, na kila mtu anasahau akianza kushuka, kwa sababu kichwa kinasema kinyume. Ukigawa uzito sawasawa kwa miguu yote miwili, unakwenda moja kwa moja huku ukipinda mabega kwa huzuni. Na mabega ndiyo kosa linalofuata: wanaoanza hugeuka kwa kuzungusha kifua, wakidhani skii zitafuata kwa heshima. Hazina heshima. Miguu ndiyo igeuke, kifua kibaki kikitazama bondeni.

Ubao wenyewe umekusudia kukusaidia. Uangalie vizuri: ni mwembamba katikati, mpana kwenye ncha na mkiani. Ukiulaza upande na kuukanyaga, unapinda, na makali yake yanachora sehemu ya duara kwenye theluji. Kwa hiyo huulazimishi kugeuka, unauruhusu. Mwanzoni mwa kona unafungua piza ndogo, unahamishia uzito kwenye mguu wa nje, kisha ule wa ndani unauleta taratibu hadi ulale sambamba na mwenzake. Kila kona piza inakuwa ndogo zaidi, na siku moja unaitafuta huioni.

Mwalimu atakupa mazoezi yanayoonekana ya kijinga. Atakwambia ushike fimbo zote mbili zikiwa zimelala mbele yako, uzibebe bila kuziinamisha upande wowote. Wenzetu wanaofanya kazi ya kubeba trei hotelini hulipita zoezi hili wakiwa wanapiga miayo. Atakwambia unyanyue kidogo mkia wa skii ya ndani katikati ya kona, ili ajue kama kweli uzito uko nje au unadanganya. Na atakwambia usimame ukiukatiza mteremko, ulegeze makali ya skii uteleze kiubavu kama mita mbili, kisha uyakaze usimame. Hili la mwisho linachosha, halina picha nzuri, na ndilo litakalokuokoa siku utakapojikuta mahali pa mwinuko mkali pasipo na nafasi ya piza wala chipsi.

"Na maini?" mjomba anauliza. "Hawana zamu ya maini?"

4. Aliye chini yako ni bosi wako

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIS, lina kanuni 10 za adabu mlimani. Ile inayomshtua zaidi mtu wa kwetu ni hii: anayetoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye mbele. Aliye chini hana macho kisogoni, kwa hiyo njia ni yake. Akigeuka ghafla, ni shauri lako wewe uliye juu.

Kule kwetu trela la miwa likitokea nyuma, aliye mbele ndiye anayeruka mtaroni na kusema asante.

"Honi iko wapi?"

Hakuna honi, mjomba.

"Basi hiyo sheria inatekelezwa na nani?"

Usisimame katikati ya njia kujibu simu. Pumzika pembeni. Kwenye lifti ya viti, geuka uangalie kiti kinavyokuja, kaa, tulia, na ukifika juu nyanyua ncha za skii kabla ya kushuka. Basi.

3. Mteremko mfupi ni baraka

Ski Dubai ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2005. Ukumbi wake una ukubwa wa mita za mraba 22,500, mlima wake una kimo cha mita 85, una njia tano za kushukia, na iliyo ndefu zaidi ina mita 400. Mzungu wa milima ya Alps akisikia mita 400 hucheka kwa pua. Mwache acheke. Kwake Uswisi anashuka kilomita kadhaa, anarudia kosa lilelile kwenye kila kona, na akifika chini ameshasahau lilianzia wapi. Wewe unashuka muda mfupi tu, mwalimu anakutazama kutoka juu mpaka chini, anakwambia mkono wako wa kushoto ulirudi nyuma kwenye kona ya tatu, unapanda lifti ukiwaza mkono huo, unashuka tena. Theluji ni ileile, mwanga ni uleule, upepo hakuna. Kilichobadilika ni wewe peke yako, kwa hiyo huna wa kumsingizia.

Ushahidi upo. Kwame Nkrumah-Acheampong, Mghana aliyezaliwa Glasgow na kukulia Afrika, alikuwa akifanya kazi mapokezi kwenye ukumbi wa theluji wa ndani huko Milton Keynes, Uingereza, na hapo ndipo alipoanza skii mwaka 2002. Si Uswisi, si Austria: ni ndani ya jengo, baada ya zamu. Mwaka 2010 alisimama Vancouver kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, Mghana wa kwanza kufika huko. Katika mbio za slalom walianza watu 102, wakamaliza 48, naye alikuwa wa 47. Wenye kubeza husema alikuwa wa pili kutoka mwisho. Wasichosema ni kwamba zaidi ya nusu ya walioanza, wengi wao wakiwa wamezaliwa na kukulia thelujini, hawakufika kwenye mstari wa mwisho.

Afrika nayo ina ukumbi wake tangu mwaka 2017: Ski Egypt, ndani ya Mall of Egypt nje kidogo ya Cairo. Nairobi ilipata uwanja wa barafu mwaka 2005, kwenye hoteli ya Panari barabara ya Mombasa, na pale ndipo lilipozaliwa kundi la hoki la Ice Lions, lile ambalo mwaka 2018 lilipelekwa Kanada likacheza pamoja na nyota wa hoki Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Lakini barafu ya Panari ni tambarare. Kwa skii haikusaidii, labda kama unataka kujifunza kusimama.

Sasa steji imeanza kuuliza: na Malava je? Usicheke haraka. Viwanda vyetu vya sukari vimezoea kulea michezo ambayo hakuna aliyeitarajia. Kabras Sugar imebeba Kenya Cup ya raga zaidi ya mara moja, kinyume na waliodhani raga ni mali ya Nairobi. Butali ina timu ya hoki ya wanaume inayoogopwa nchini. Na kwa kuwa viwanda vya sukari huchoma makapi ya miwa kutengeneza umeme, mjomba ameshapiga hesabu: makapi yaende kwenye tanuri, tanuri litoe stima, stima igandishe maji, vijana wateleze. Nilipomuuliza itakuwaje stima ikipotea, alijibu bila kusita kwamba theluji ikiyeyuka tutafuga kambare. Nimekutana na mipango ya maendeleo iliyofikiriwa kwa uchache zaidi.

2. Makofi ya kumaliza wa mwisho yana mwisho wake

Hakuna mazungumzo ya Mkenya na theluji yanayomkwepa Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka upande wa Eldoret, katika ukoo wa Mike Boit, aliyeshinda shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimpeleka Finland kuona kama mapafu ya nyanda za juu yanaweza kugeuzwa kuwa mapafu ya skii. Hiyo ni ile skii ya masafa, ya tambarare na ya kupanda, si ya kushuka ukumbini. Hakuwa amewahi kuiona theluji. Mwaka 1998, Nagano, Japani, alishiriki mbio za kilomita 10 na kumaliza wa 92, wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa amekataa kuondoka. Alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia, na sherehe ya medali ikangoja. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Kisa hiki kimesimuliwa hadi kimechakaa, na mara nyingi husimuliwa vibaya. Husimuliwa kama kichekesho kitamu: Mwafrika kwenye theluji, wa mwisho, kumbatio, machozi, kwaheri. Lakini Boit hakusema kwaheri. Alirudi kufanya mazoezi, nyumbani akitumia skii za magurudumu kwenye lami, akaenda Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 na ya Turin mwaka 2006. Mtu anayetaka kukumbatiwa tu hafanyi hivyo. Kwangu mimi miaka minane ile ina uzito kuliko kumbatio lenyewe, ingawa haina picha maarufu.

Baada yake Kenya haikuwa na mtu kwenye michezo hiyo kwa miaka 12, mpaka alipotokea Sabrina Wanjiku Simader. Alizaliwa Kenya mwaka 1998, akahamia Austria akiwa mtoto mdogo, na baba yake wa kambo akamtia kwenye skii. Pyeongchang mwaka 2018 alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, na katika super-G, mbio ambazo mtu hushuka kwa kasi ya gari la barabara kuu, alimaliza wa 38. Hakuna aliyemngojea kumkumbatia kwa huruma, kwa sababu hakuhitaji. 

Ethiopia ilikuwa na Robel Teklemariam mwaka 2006, Eritrea ikawa na Shannon Abeda mwaka 2018. Orodha inarefuka, na kila inaporefuka ule mshangao wa "Mwafrika na theluji wapi na wapi" unapungua bei.

Hili linamhusu mlinzi wetu wa Malava aliyeko Dubai. Mara ya kwanza akiingia Ski Dubai, kila mtu humpigia makofi: wageni, wafanyakazi, kundi la familia la WhatsApp. Amesimama tu, wanasema shujaa. Mara ya pili hakuna makofi. Kuna mwalimu anayemwambia kwamba goti lake la kulia ni gumu. Nami nasema bila kupepesa kwamba mwalimu huyo amemheshimu zaidi kuliko wapiga makofi wote, kwa kuwa amemwona ni mwanaskii mwenye kasoro, si ajabu ya kupigiwa picha.

Mjomba alisikiliza hilo hadi mwisho. "Kwa hiyo unalipa pesa utukanwe goti?"

Ndiyo, mjomba. Kwa saa.

1. Mwambie mwalimu upande wako mbaya

Kila mtu ana kona anayoipenda. Wengine hugeukia kulia kwa madaha, ikifika kushoto wanaanza kuomba. Wanaokwepa somo la pili huwa wamejifunza kuficha upande huo: wanashuka kwa kona moja nzuri na moja ya kubahatisha, na kwenye video wanakata ile ya kubahatisha. Ukifanya hivyo mwaka mzima utakuwa na video nyingi na kona moja.

Kwa hiyo, wewe uliyeko Dubai, Muscat au Cairo na una siku ya mapumziko, fanya hivi. Uliza bei kabla ya kusafiri, maana hubadilika kwa msimu. Chagua somo la kikundi kidogo kama mfuko haujanona. Somo la mtu mmoja ni zuri, lakini kikundini unaona makosa ya wenzako na kuyatambua kuwa ni yako. Fika asubuhi theluji ikiwa bado na mistari ya mashine. Usiseme "nataka kuboresha", mwalimu husikia hivyo kila siku na atakuzungusha tu. Sema jambo moja: siwezi kugeuka kushoto bila piza, au, napoteza mkono nikifika kwenye mwinuko. Simu iache kwenye kabati hadi somo liishe. Mwombe mwishoni akutajie zoezi moja la kufanya peke yako, na ulifanye siku hiyohiyo kabla ya kurudisha mabuti, kwa sababu tiketi ya mteremko mara nyingi ina muda uliobaki baada ya somo kwisha.

Na picha ya mjomba itume. Lakini mtumie ya kona ya kushoto.